Baji na Rangi Zao

Mhariri ameniomba niandike habari za ndege wa rangi rangi walio katika tundu nyuma ya maabara yetu. Nimekubali kwa furaha, kwani huu ni mwaka wangu wa tatu wa kuwatunza, tena ni wa mwisho, na wale watakaoshika kazi hii baada yangu wanahitaji maandishi ya kuwaongoza.

Wageni wengi wanaokuja siku ya wazazi husema kwamba hao ni makinda ya kasuku. Sivyo. Ni ndege wazima, wa jamaa ya kasuku, lakini wadogo sana. Urefu wao ni kama sentimita 18 tangu kichwa mpaka ncha ya mkia, na uzito wao haupiti sana gramu 40. Huitwa baji.

Asili yao

Nchi ya baji ni Australia, sehemu za bara zilizo kavu. Huko huruka makundi kwa makundi wakifuata mvua na mbegu za majani, na hutaga katika mashimo ya miti. Baji wa porini ni wa rangi moja tu: mwili kijani, uso manjano, na mistari myeusi kichwani, shingoni na mbawani. Mtaalamu wa ndege Mwingereza, John Gould, alirudi kwao mwaka 1840 akiwa na baji walio hai, na tangu hapo watu wa Ulaya wakaanza kuwafuga na kuwazalisha. Rangi nyingine zote mnazoziona leo zilitokea katika matundu ya wafugaji.

Hili lina maana kwetu. Baji anayeuzwa leo alizaliwa tunduni, na wazazi wake pia, na babu zao. Kumfuga hakupunguzi ndege wa msituni. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Afrika ni habari nyingine kabisa. Yeye amekamatwa na kuuzwa nje hata amekuwa haba, na mwaka 1916 ukiongeza miaka mia, yaani 2016, mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg ulikubaliana kuzuia biashara ya kasuku hao waliokamatwa porini. Mtu akikuletea kasuku wa kijivu katika gunia, usimnunue hata akikupunguzia bei.

Tundu na chakula

Baji huruka kwa kwenda mbele, hapandi juu moja kwa moja. Kwa hiyo tundu refu la kulala lafaa kuliko tundu la kusimama kama mnara. Kwa jozi moja, urefu wa mita moja watosha. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita moja na robo, ama ndege atapitisha kichwa akwame. Vijiti vya kusimamia viwe vya matawi ya mpera, vingine vinene na vingine vyembamba, ili miguu ipate mazoezi. Tundu lipate jua la asubuhi, lakini upande mmoja uwe na kivuli siku nzima, wala lisiwekwe penye upepo. Msimfuge mmoja peke yake. Huyu ni ndege wa kundi, na upweke humdhoofisha.

Chakula chake ni mbegu ndogo ndogo: ulezi, uwele na mtama mdogo. Kila siku twampa pia majani mabichi, hasa mchicha uliooshwa vizuri. Maji hubadilishwa kila asubuhi. Sisi tu mbali na bahari, na mfupa wa ngisi haupatikani kwa urahisi. Basi twachemsha maganda ya mayai ya kuku, twayakausha, twayasaga, na kuyaweka katika kisahani. Jike asiyepata chokaa ya kutosha huweza kufa yai likiwa limemkwama tumboni.

Kuna vitu vinavyomwua. Cha kwanza ni parachichi, ambalo hapa kwetu limejaa kila ua. Kwa mtu ni chakula kizuri, kwa baji ni sumu. Cha pili ni moshi wa sigiri, na mvuke wa zile sufuria zisizogandisha chakula zikiachwa motoni mpaka zikapata joto kupita kiasi. Mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika kuliko yetu.

Dume na jike

Tazameni ngozi iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua. Dume mzima ana ngozi ya buluu. Jike ana ngozi nyeupe au buluu iliyofifia sana, na wakati wa kutaga hugeuka kahawia. Wachanga ni vigumu: dume mchanga ana ngozi ya waridi yenye zambarau, na wengi hudanganyika wakadhani ni jike. Tena, katika aina chache ambazo nitazitaja chini, dume hubaki na ngozi ya waridi maisha yake yote.

Umri nao huonekana. Kinda ana mistari inayofika mpaka juu ya mdomo. Apatapo miezi mitatu au minne hubadilisha manyoya, na paji la uso huwa safi. Baadaye duara jeupe hutokea ndani ya jicho.

Kutaga na kulea

Jike asiwekewe sanduku la kutagia kabla ya kutimiza mwaka mmoja hivi. Sanduku letu lina mlango wa duara wa sentimita 4 na nusu, na sakafu yake imechimbwa kidogo katikati kama sahani, ili mayai yasitawanyike. Baji hajengi kiota, kwa hiyo hahitaji nyasi.

Jike hutaga yai moja kila baada ya siku moja, kwa kawaida mayai manne mpaka sita. Kila yai hukaa siku 18 hivi. Kwa kuwa jike huanza kuyalalia mapema, makinda nayo hutoka moja moja kwa siku tofauti, na kinda la kwanza huwa limekwisha kukua wakati la mwisho linapotoka. Hutoka uchi na macho yamefumba. Macho hufunguka baada ya siku kumi hivi, na rangi ya manyoya huanza kujulikana juma la tatu. Katika juma la tano huondoka sandukuni, na baba huendelea kuyalisha siku chache. Baada ya kulea mara mbili, ondoeni sanduku jike apumzike miezi kadhaa. Mfugaji mwenye tamaa humaliza jike wake katika mwaka mmoja.

Rangi yenyewe ni nini?

Katika unyoya wa baji mna vitu vitatu. Cha kwanza ni rangi nyeusi, ile ile iliyo katika nywele zetu. Cha pili ni rangi ya manjano. Cha tatu si rangi, bali ni umbo: ndani ya unyoya mna vijitundu vidogo mno vinavyorudisha mwanga wa buluu. Okoteni unyoya wa buluu ulioanguka, mkauinue mbele ya dirisha mwanga ukitoka nyuma yake. Buluu hupotea, mkaona weusi uliofifia tu.

Basi, buluu ya umbo ikifunikwa na manjano, twaona kijani. Manjano yakikosekana, ndege ni wa buluu, na uso wake ni mweupe. Weusi ukikosekana, ndege ni wa manjano. Vyote viwili vikikosekana, ndege ni mweupe. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na wenzao walionyesha kwamba baji wa buluu ana kosa dogo katika jeni moja, ile inayotengeneza manjano. Waliitia jeni iliyo nzima katika hamira, na hamira ikatengeneza manjano.

Makinda mawili ya buluu

Sasa nieleze jambo lililotokea hapa shuleni mwaka uliopita, kwani ndilo lililotufanya tujifunze somo hili kwa bidii.

Tulikuwa na jozi moja, dume kijani na jike kijani. Kiota chao cha kwanza kilitoa makinda manne, yote kijani. Kiota cha pili kilitoa makinda matano, na kufika juma la tatu tuliona matatu ni kijani na mawili ni ya buluu. Mwalimu mmoja aliye jirani na shule ana jozi ya baji wa buluu. Haikupita siku mbili, maneno yakaenea bwenini kwamba mtoto wa kidato cha pili aliyekuwa na zamu ya kuwalisha ndege wetu ameiba mayai ya mwalimu akayatia katika sanduku letu, apate kusifiwa. Mlezi wa bweni alimwondoa kwenye kazi kwanza, akasema kwamba asipojieleza kufikia Jumatatu, barua itakwenda kwa baba yake. Huyo mtoto hakuwa na la kusema ila kwamba hakuiba.

Sisi wa masomo ya biolojia tuliketi tukaulizana: je, wazazi wawili wa kijani waweza kuzaa buluu?

Jibu liko kwa Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, ambao leo uko katika nchi ya Ucheki. Alipanda njegere katika bustani ya nyumba yao ya watawa, akahesabu, na mwaka 1866 habari zake zikachapishwa. Alionyesha kwamba kila mzao hupokea sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama, na kwamba sehemu moja yaweza kuificha nyingine bila kuiharibu.

Tuiite jeni ya kijani K, na jeni ya buluu b. K hutawala, b hujificha. Ndege mwenye KK ni kijani. Mwenye Kb ni kijani vile vile, wala kwa macho huwezi kumtenga na wa kwanza. Mwenye bb tu ndiye wa buluu. Sasa tuwaoze dume Kb na jike Kb. Baba atatoa K au b, na mama kadhalika. Njia ni nne: K na K, K na b, b na K, b na b. Tatu zatoa kijani, moja yatoa buluu. Kwa hiyo yawezekana kabisa.

Wengine walibisha: "Ikiwa ni robo, mbona kiota cha kwanza cha makinda manne hakikuwa na buluu hata moja?" Hoja hiyo yaonekana nzuri, lakini si kweli. Robo si deni ambalo kila kiota lazima kilipe. Kila yai lina bahati yake. Nafasi ya yai moja kuwa kijani ni robo tatu. Nafasi ya mayai manne yote kuwa kijani ni robo tatu mara robo tatu, mara robo tatu, mara robo tatu, yaani 81 katika 256, karibu theluthi moja. Jambo linalotokea karibu mara moja katika kila mara tatu si la ajabu.

Lakini kuonyesha kwamba jambo lawezekana si kuonyesha kwamba ndivyo lilivyotokea. Mwizi naye angaliweza kujificha nyuma ya Mendel. Hapo ndipo daftari la yule mtoto lilipomsaidia. Alikuwa ameandika kila yai siku lilipoonekana: tarehe 4, 6, 8, 10 na 12 Februari. Kila yai alilitia namba kwa penseli, pole pole, na katibu wa chama chetu alitia sahihi kila mara. Makinda nayo yalitoka tarehe 22, 24, 26 na 28 Februari, na la mwisho tarehe 2 Machi. Hesabuni wenyewe: kila moja ni siku 18 baada ya yai lake. Yai la kuibwa lingeonekana kuwa la sita, au lingekosa namba, au kinda lake lingetoka siku isiyo yake. Tena mwalimu jirani alipoulizwa alisema kwamba baji wake hawakuwa na sanduku la kutagia mwezi huo.

Tulilipeleka daftari kwa mlezi wa bweni Jumapili jioni. Alilisoma lote, akauliza maswali mengi, akamrudisha yule mtoto kwenye kazi yake na kuwaita waliotangaza maneno yale wamwombe radhi. Hata hivyo wachache waliendelea kunong'ona. Muhula wa pili, jozi ilipokwisha kupumzika, tuliweka kufuli mlangoni na ufunguo ukakaa kwa kiranja mkuu. Mayai yalikuwa sita, makinda matano, na moja likawa la buluu. Basi katika viota vitatu tulipata makinda 14, na matatu ni ya buluu. Robo ya 14 ni tatu na nusu. Minong'ono ikaisha.

Kumbukeni pia kinyume chake. Buluu na buluu, bb na bb, haziwezi kutoa kijani, kwani hapana K popote. Mkiona kinda kijani kwa wazazi wa buluu, hapo yafaa kuuliza ni dume gani mwingine aliyekuwa katika tundu.

Rangi iliyokoza

Kuna jeni nyingine inayokoza rangi, nayo haijifichi wala haitawali kabisa. Baji wa kijani asiyekuwa nayo ni kijani nyepesi. Mwenye moja ni kijani nzito. Mwenye mbili ni rangi ya zeituni. Upande wa buluu, asiyekuwa nayo ni samawati kama mbingu. Mwenye moja huitwa kobalti. Mwenye mbili huitwa movu, buluu iliyoingia ukijivu. Ukioza kobalti kwa kobalti, tazamia robo samawati, nusu kobalti, robo movu. Ukitaka kobalti watupu, oza samawati kwa movu.

Rangi zinazofuata jinsia

Kwa binadamu, mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana. Kwa ndege ni kinyume: dume ana Z mbili, jike ana Z moja na W moja. Jeni kadhaa za rangi ziko katika Z. Mojawapo ni ino, iondoayo weusi wote. Ikiwa kwa ndege wa kijani, apatikana lutino, manjano mwenye macho mekundu. Ikiwa kwa ndege wa buluu, apatikana albino, mweupe mwenye macho mekundu. Dume wa lutino au albino ndiye mmoja wa wale wabakio na ngozi ya waridi juu ya mdomo.

Jike ana Z moja tu, kwa hiyo hawezi kuificha ino. Akiwa nayo huonekana. Dume aweza kuibeba bila kuonyesha. Basi mkioza dume lutino kwa jike kijani wa kawaida, majike yote yatakuwa lutino na madume yote kijani. Hapo mtajua dume na jike kabla hawajaota manyoya, kwani macho mekundu ya ino huonekana hata chini ya ngozi iliyofumba. Opalini na mdalasini nazo hufuata njia hiyo hiyo.

Kumtambua ndege kwa hatua tano

Msianze na jina, anzeni na ndege mwenyewe.

1. Uso. Ukiwa manjano, kwa kawaida ni upande wa kijani. Ukiwa mweupe, ni upande wa buluu. Wako wachache wa buluu wenye uso wa manjano. Kwao tazameni kifua.

2. Kifua. Rangi ni nyepesi, nzito, au nzito sana? Hapo mwajua jeni za kukoza.

3. Mistari. Myeusi ni ya kawaida. Ya kahawia ni mdalasini. Ikififia kisogoni, na rangi ya kifua ikapanda mgongoni na mbawani, ni opalini. Manyoya ya bawa yakiwa meupe au manjano yenye ukingo mwembamba mweusi, ni aina iitwayo spango, iliyotokea Australia miaka ya 1970.

4. Mabaka. Rangi ikikatwa na mabaka ya manjano au meupe, ni baji madoa.

5. Macho. Mekundu ni ino. Baji madoa wa aina ya Denmark ana jicho jeusi lote, bila duara jeupe, hata akizeeka. Na dume wake naye ana ngozi ya waridi.

Maonyo ya mwisho

Baji waweza kuwa na ugonjwa unaowapata watu kwa njia ya vumbi la mavi makavu, ukaleta homa na kuumiza mapafu. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia, fungeni pua kwa kitambaa, osheni mikono kwa sabuni. Mwenye homa baada ya kushughulika na ndege amwambie mganga kwamba anafuga ndege, maana dawa ipo. Baji mwenye maganda meupe kama sega la nyuki kando ya mdomo ana utitiri. Mtengeni upesi na kumtafutia dawa.

Wala msiwafungulie wakaenda zao mkidhani mnawafanyia hisani. Ndege wa buluu katika mwembe huonekana na mwewe kabla hajajua pa kunywa maji.

Daftari la ndege liko katika kabati la maabara, rafu ya pili. Tangu muhula uliopita lina mistari ya namba ya yai, tarehe, rangi ya kinda, na sahihi mbili. Atakayepokea zamu aliendeleze bila kuruka siku. Nanyi kaka zetu mlio nje, ikiwa mna jozi ya movu au ya opalini mnayoweza kutupatia, tutashukuru sana, na mtaandikiwa ni makinda gani yaliyotoka.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita